Saa za usingizi, kilo za mtoto

Mwambie mzazi kwamba mtoto wake ananenepa kwa kuwa halali vya kutosha, uone atakavyokutazama. Kwetu hesabu inajulikana: anayenenepa ni wa kula na kulala. Mtoto anayeamshwa alfajiri, akashinda shuleni, akarudi jioni na kupitiliza tuisheni, huyo tunatarajia akonde, na bibi yake akimwona atasema mjukuu anapukutika. Sasa anatokea mtu na matokeo ya utafiti, anadai wanaolala saa chache ndio walio katika hatari zaidi ya uzito uliozidi. Utadhani kashika karatasi kichwa chini.

Hajaishika kichwa chini. Ila habari yenyewe, ilivyotufikia kupitia makundi ya WhatsApp, imepungua njiani mpaka ikabaki sentensi moja: usipolala homoni zinavurugika, unanenepa. Ndani ya sentensi hiyo kuna ukweli, kuna nusu ukweli, na kuna jambo zito ambalo halimo kabisa, nalo ni nani hasa anayepanga saa ya mtoto kulala na saa ya kuamshwa.

Tuanze na kilichopimwa. Mwaka 2002 watafiti wa Ujerumani walichapisha taarifa za watoto 6,862 wa miaka mitano na sita katika jimbo la Bavaria. Kati ya waliolala saa 10 au pungufu kwa usiku, asilimia 5.4 walikuwa na unene uliokithiri. Kwa waliolala saa 10 na nusu hadi 11, ilikuwa asilimia 2.8. Waliofikisha saa 11 na nusu au zaidi, asilimia 2.1. Miaka sita baadaye, uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali ulikadiria kwamba kila saa moja ya usingizi inayoongezeka huenda sambamba na kupungua kwa hatari ya uzito uliozidi kwa wastani wa asilimia 9.

Namba nzuri, na kwa sababu ni nzuri inabidi kuzihoji. Watoto wa Bavaria waliulizwa habari za usingizi na kupimwa uzito kwa wakati mmoja. Nani alitangulia? Huenda ni unene uliowaharibia usingizi. Hapo ndipo unapoonekana umuhimu wa utafiti mwingine, wa watoto waliozaliwa eneo la Avon, jirani na mji wa Bristol nchini Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakafuatiliwa tangu tumboni. Mwaka 2005 watafiti waliuliza: ni mambo gani ya utotoni yanayotangulia unene wa mtoto afikapo miaka saba? Walichunguza mambo mengi, yakabaki manane. Kuna wazazi wenye unene, kuna uzito wa kuzaliwa, kuna kasi ya kunenepa katika mwaka wa kwanza, kuna kutazama televisheni zaidi ya saa nane kwa wiki katika umri wa miaka mitatu. Na kuna kulala pungufu ya saa 10 na nusu kwa usiku katika umri huohuo wa miaka mitatu. Usingizi mfupi ulikuja kwanza, unene ukafuata miaka minne baadaye.

Hata hivyo kutangulia si kusababisha. Nyumba ambayo mtoto analala saa mbili usiku huwa na mengi yanayokwenda pamoja na hilo: chakula cha jioni kina saa yake, televisheni ina mtu wa kuizima, kuna mkubwa aliyekwisha kurudi kazini. Nyumba ambayo mtoto analala saa tano usiku inaweza kuwa chumba kimoja cha kupanga, ambamo taa, redio na maongezi ya wakubwa ni vya wote, au nyumba ya mama anayefunga genge saa nne na mwanawe hataki kulala kabla hajamwona. Ukikuta watoto wa nyumba hizi mbili wanatofautiana uzito, huwezi kuutwika usingizi mzigo wote. Watafiti hujaribu kuyaondoa mambo hayo kwa hesabu, lakini hesabu huondoa tu lile ulilokumbuka kulipima.

Njia ya kukata shauri ni jaribio: umchukue mtoto yuleyule, umbadilishie usingizi, uone kinachobadilika. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Marekani likiongozwa na Chantelle Hart lilifanya hivyo kwa watoto 37 wa miaka minane hadi kumi na mmoja. Wiki ya kwanza walilala kama kawaida yao. Wiki iliyofuata baadhi waliongezewa saa moja na nusu kitandani kila usiku na wengine wakapunguziwa kiasi hichohicho, na wiki ya tatu wakabadilishana. Mtoto akawa anashindanishwa na nafsi yake, wala si na wa jirani. Katika wiki ya kulala zaidi, watoto waliripoti kula pungufu kwa wastani wa kilokalori 134 kwa siku kuliko katika wiki ya kulala kidogo, na kwenye mizani walikuwa wepesi kwa kama gramu 200.

Kilokalori 134 ni karibu sawa na chupa moja ya soda ya mililita 300. Hakuna aliyewaambia wale au waache, wala hakuna aliyewapangia chakula. Ni ile soda tu ilijiondoa yenyewe kwenye siku yao.

Naomba hapa msomaji asikimbilie kikokotoo. Kuzidisha 134 kwa siku 365 kisha kutangaza kwamba mtoto atapungua kilo kadhaa kwa mwaka ni kosa, kwa kuwa mwili hujirekebisha, na isitoshe hili lilikuwa jaribio la wiki tatu. Linachothibitisha ni kwamba kamba ipo na inavuta. Itavuta umbali gani kwa miaka ni swali jingine.

Inavuta vipi? Watu wengi huanzia kwenye homoni, nami nitaanzia hapo, ingawa sidhani ndiko kwenye jibu zito zaidi.

Tumbo likiwa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, inayouambia ubongo kwamba ni wakati wa kula. Chembe za mafuta nazo hutoa leptini, inayouambia ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Karine Spiegel, Esra Tasali na Eve Van Cauter miongoni mwao, waliwalaza vijana 12 wa kiume saa nne kitandani kwa siku mbili, na wakati mwingine saa kumi kwa siku mbili. Walipolala kidogo, leptini ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini ikapanda kwa asilimia 28, na njaa waliyoisikia ikaongezeka kwa asilimia 24. Njaa hiyo ilielekea zaidi kwenye vitamu, vyenye chumvi na vya wanga.

Hizi ndizo namba zilizozunguka dunia, na ni namba za kweli. Lakini zitazame vizuri. Ni wanaume wazima, kumi na wawili, wenye afya, kwa siku mbili mbili, na kupunguziwa usingizi kwa kiwango ambacho mtoto wa kawaida hakifikii. Kuzichukua hizo na kuzivisha mtoto wa chekechea ni kuruka hatua nyingi. Tena wale watoto 37 wa Hart walipopimwa leptini asubuhi kabla ya kula, ilikutwa iko chini katika wiki ya kulala zaidi, kinyume kabisa na vijana wa Chicago. Huenda ni kwa sababu walikuwa wamekula kidogo na uzito umepungua, leptini ikafuata. Vyovyote iwavyo, hadithi ya homoni mbili zinazopanda na kushuka kama sahani mbili za mizani haiwakai watoto vizuri, na makala nyingi za afya zinairudia kwa sababu ni rahisi kuichora.

Maelezo yanayobeba uzito zaidi ni ya kawaida mno hata hayapendezi kuandikwa. Mtoto aliye macho saa nne usiku ana muda mrefu zaidi wa kula kuliko aliyelala saa mbili, na saa hizo za ziada zina vyakula vyake. Sijaona mtoto aliyeomba mchicha saa nne usiku. Huombwa biskuti, juisi ya paketi, au kile kilichobaki kwenye mfuko wa chipsi alizorudi nazo baba. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 na Kara Duraccio wa Chuo Kikuu cha Brigham Young na wenzake lilikuwa na vijana 93 ambao walilala saa sita na nusu kwa usiku katika wiki moja, na saa tisa na nusu katika wiki nyingine. Jumla ya kalori walizokula haikutofautiana sana. Kilichobadilika ni aina ya chakula. Katika wiki ya kulala kidogo walikula sukari zaidi kwa gramu 12 kwa siku, yaani vijiko vitatu vya chai, na matunda na mboga vikapungua. Vitu vitamu hivyo viliongezeka hasa baada ya saa tatu usiku.

Kuna na ubongo uliochoka. Picha za ubongo za watu wazima waliokesha zinaonyesha sehemu zinazohusika na hamu zikiwaka zaidi mtu anapoonyeshwa picha za vyakula, huku sehemu za mbele, zile zenye kazi ya kusema "hapana, inatosha", zikizubaa. Kwa mtoto sehemu hizo za mbele bado zinajengwa, hivyo breki yenyewe ni changa kabla hata ya kuichosha. Kisha ongeza tabia ya mzazi. Mtoto aliyekosa usingizi hasinzii kama mkubwa. Anakuwa na kisirani, anapanda makochi, analia kwa sababu kijiko si kile cha bluu. Mzazi naye amechoka. Anampa simu, au anampa kitu kitamu, au vyote viwili. Hakuna homoni inayohitajika kuieleza njia hiyo.

Yako mengine ambayo nayapitia haraka. Usingizi mzito ndio wakati homoni ya ukuaji inapotolewa kwa wingi. Kwa watu wazima, kukosa usingizi hupunguza uwezo wa mwili kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Kuhusu dai kwamba mtoto aliyekosa usingizi hucheza na kukimbia kidogo, ushahidi umegawanyika: wengine hupoa kweli, wengine hurukaruka zaidi.

Kiasi gani basi kinatosha? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa walio chini ya miaka mitano: saa 14 hadi 17 kwa mchanga wa chini ya miezi minne, 12 hadi 16 hadi atakapokaribia mwaka, 11 hadi 14 kwa wa mwaka mmoja na miwili, 10 hadi 13 kwa wa mitatu na minne. Usingizi wa mchana unahesabiwa humo. Kwa wakubwa zaidi, madaktari wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 saa 9 hadi 12 kwa wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wa 13 hadi 18.

Sasa chukua mtoto wa darasa la tatu anayekaa Mbezi au Kigamboni na kusoma katikati ya jiji la Dar es Salaam. Basi la njano la shule linapita kwao saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu lina watoto wengine wa kuokota na foleni ya kuiwahi. Ili awe ameoga, amevaa na amekunywa chai, anaamshwa saa kumi na moja. Rudisha nyuma saa tisa, zile za chini kabisa: alitakiwa awe amelala fofofo saa mbili usiku. Saa hiyo kwenye nyumba nyingi chakula bado kiko jikoni. Huyu akilala saa nne, kapata saa saba. Kwa siku tano za shule amekosa saa kumi, zaidi ya usiku mzima mmoja, na Jumamosi kuna tuisheni au madrasa.

Ndiyo maana sipendi makala zinazomalizia kila kitu kwenye nidhamu ya mzazi. Usingizi wa watoto wengi wa mjini hauliwi usiku, unaliwa asubuhi, na anayeula si mtoto wala mzazi peke yake. Ni njia ya basi, ni umbali wa shule tuliyoichagua kwa sifa zake, ni vipindi vya alfajiri vya darasa la mtihani. Kenya kanuni za elimu ya msingi za mwaka 2015 ziliweka masomo ya shule za kutwa kuanzia saa mbili asubuhi, na kwa mabweni zikatenga saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa muda wa kulala, yaani saa nane na nusu. Kwenye karatasi ratiba hiyo inamtosha kijana. Aliyesoma bweni anajua kengele ya alfajiri hulia saa ngapi.

Jambo hili linatugusa kuliko tunavyodhani, kwa kuwa kwetu uzito uliozidi una njia yake. Katika utafiti wa kimataifa wa nchi 12 uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa watoto wa miaka 9 hadi 11, Nairobi ndiyo iliyowakilisha Afrika Mashariki, na huko kama mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Katika nchi tajiri unene wa watoto huandama zaidi familia zenye kipato kidogo. Nairobi ilikuwa kinyume: waliokuwa kwenye hatari zaidi walikuwa watoto wa wazazi wenye elimu na uwezo. Yaani haohao wenye gari, runinga ya chumbani, pesa ya kununua vitafunio, na kiti kwenye basi la njano. Siwezi kudai kwamba basi ndilo lililowanenepesha. Nasema tu kwamba mambo yanayomnyima mtoto usingizi na yanayomwongezea sukari yamehamia nyumba moja.

Wakati huohuo, Tanzania ya mwaka 2022 ilikuwa na udumavu kwa asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano, na uzito uliozidi kwa asilimia 4 tu. Kenya mwaka huohuo ilikuwa asilimia 18 na 3. Kwa umri huo tatizo letu kubwa bado ni chakula kisichotosha au kisicho na virutubisho, kwa hiyo mama mwenye mtoto mwembamba asije akasoma haya akaanza kuogopa uji wa lishe. Uzito wa afya maana yake ni uzito unaoendana na urefu na umri, ule mstari wa kwenye kadi ya kliniki. Na usingizi ni wa wote, mwembamba na mnene.

Kuna upande mmoja ambapo mazingira yetu yanatusaidia na hatuutumii. Karibu na ikweta jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Mzazi wa Stockholm mwezi wa sita anapigana na mwanga wa jua dirishani saa nne usiku, sisi giza linatufikia mapema bila kuombwa, nasi tunalifukuza kwa taa nyeupe za dari na runinga ya inchi nyingi. Mwanga huzuia melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba ni usiku, na macho ya watoto wadogo ni mepesi ajabu kwa hilo. Katika Chuo Kikuu cha Colorado, watoto kumi wa miaka mitatu hadi mitano waliwekwa kwenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya wakati wao wa kulala, melatonini ikaporomoka kwa karibu asilimia 88. Mwanga ule ulikuwa mkali kuliko wa sebuleni, lakini sebule nayo haimo gizani. Taa ndogo, au ya korido peke yake, kwa saa ya mwisho ya jioni ni dawa isiyo na gharama, tena inapunguza bili ya luku.

Saa yenyewe ya kulala nayo inaonekana kuwa na maana yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata watoto 977 tangu walipokuwa na miaka minne na nusu hadi walipofika kumi na mitano. Waliokuwa wakilazwa saa mbili usiku au kabla, asilimia 10 walikuwa na unene uliokithiri ujanani. Waliolazwa kati ya saa mbili na saa tatu, asilimia 16. Waliolazwa baada ya saa tatu, asilimia 23. Onyo lile la nyumba mbili bado linasimama hapa, lakini mzazi anayetafuta pa kuanzia amepata: saa ya kupanda kitandani ni rahisi kuihamisha kuliko saa ya basi.

Kuihamisha kunaanzia jikoni. Familia nyingi hula saa tatu au saa nne kwa kumsubiri baba au kwa kusubiri taarifa ya habari iishe, na mtoto hula pamoja na wakubwa kwa heshima. Si lazima. Mtoto akipakuliwa saa moja na nusu, akaoga maji ya uvuguvugu, hasa kwenye joto la Dar, Mombasa au Zanzibar ambako mwili hautulii kabla haujapoa, akaingia kwenye chandarua na hadithi moja ya bibi au ya kitabu, mlolongo huo ukirudiwa kila siku kwa mpangilio uleule mwili unaujua. Ishushwe kidogo kidogo, dakika kumi na tano kila siku chache. Anayejaribu kumtoa mtoto saa nne hadi saa mbili kwa usiku mmoja atapata vita na hatapata usingizi.

Na chai. Tunawapa watoto chai ya maziwa jioni na kitumbua au mkate, na hatuifikirii kabisa kama kinywaji cha kuamsha. Majani ya chai yana kafeini, soda nyeusi za kola zinayo pia. Jioni mpe maziwa bila majani, au uji.

Simu nitaisemea mara moja tu: ilale chumba kingine. Inazidi televisheni kwa ubaya kwa kuwa mtoto huipeleka chini ya shuka, ambako humwoni.

Ukishapanga yote hayo na mtoto bado anaamka amechoka, sikiliza anavyolala. Kukoroma kila usiku, kulala mdomo wazi, kushtuka au kukata pumzi kisha kuvuta kwa nguvu, si mtoto "anayelala vizuri". Mara nyingi ni mafindofindo au nyama za puani zilizokua zikaziba njia ya hewa. Unene nao unaweza kuibana njia hiyo, na hapo ndipo duara linapofunga: uzito unaharibu usingizi, usingizi mbovu unaongeza uzito. Apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ila mzazi ajue jambo moja ambalo haliambiwi sana. Kwa watoto waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mafindofindo na nyama za puani katika jaribio kubwa la Marekani, uzito uliongezeka zaidi kuliko kwa wale waliosubiri, hata kwa waliokuwa tayari wazito. Huenda mwili uliokuwa ukihangaika kuvuta pumzi usiku kucha ukaacha kutumia nguvu hizo. Upasuaji unarudisha pumzi na usingizi, na hilo ni kubwa. Haupunguzi kilo. Kwa hiyo baada yake mizani na sahani viendelee kuangaliwa.

Jibu hilohilo nampa anayeuliza kama mtoto mwenye unene tayari alazwe tu mpaka upungue. Usingizi peke yake hautamaliza kazi. Unachofanya ni kuiondoa ile soda ya siku bila ugomvi, na kumpa mtoto subira ya kukubali chakula cha kawaida na nguvu za kucheza. Kwa mtoto anayekua, lengo mara nyingi ni kuuacha urefu uufikie uzito, wala si kumkondesha. Habari za kumnyima chakula cha usiku ili apungue ziachwe. Mtoto anayelala na njaa halali.

Vijana ni kesi nyingine. Mtoto akibalehe, saa ya mwili wake husogea mbele, melatonini huchelewa, na yule aliyekuwa akisinzia saa tatu sasa yuko macho saa tano bila ukaidi wowote. Kumwita mvivu kwa kushindwa kuamka saa kumi na moja ni kumwonea. Madaktari wa watoto wa Marekani walipendekeza mwaka 2014 kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, na jimbo la California likalifanya sheria kwa sekondari za juu, ikaanza kutumika mwaka 2022. Kwetu mjadala huo haujafika mbali, lakini kuna sehemu yake ambayo wazazi wanaweza kuianza bila bunge. Basi la shule aghalabu humchukua wa kwanza yule anayekaa mbali zaidi, na jioni humshusha wa mwisho kwa njia ileile. Wazazi wa njia moja wakikaa pamoja wanaweza kuomba vituo vichache vya kukusanyika badala ya basi kuingia kila mtaa, au magari mawili madogo badala ya moja kubwa linalozunguka. Nusu saa inaweza kupatikana hapo. Mwenye shule atajibu kwa hesabu ya mafuta na mishahara ya madereva kabla hajajibu habari za afya, kwa hiyo waende na hesabu zao mkononi, na waende kabla ya ada ya muhula kulipwa.